Mvua ya Tchenzema na Mvua ya Chenzema

Mwalimu wangu alipostaafu aliniachia programu yake pamoja na maelezo ya tabia zake, kama mtu anayemwachia jirani ng'ombe. Usiizime asubuhi, wapimaji wa milimani wanatuma meseji zao kati ya saa tatu na saa nne. Ikisimama ghafla usiharakishe kuiwasha upya, mara nyingi inasubiri mtandao tu. Na wanafunzi wasiichezee. Nilisoma kwake tangu mwaka wa kwanza, nikawa msaidizi wake, na sasa nilikuwa nakalia kiti chake katika ofisi ileile yenye dirisha linaloutazama mlima. Kila alichosema nilikijibu "ndiyo, Mwalimu", huku moyoni nimeshaamua kuiandika upya yote.

Programu ilikuwa na kazi moja. Kuzunguka Milima ya Uluguru kuna watu wenye vipimamvua: kopo lenye mdomo kama faneli, limezungushiwa uzio mdogo, uani kwa mtu au kando ya shule. Kila asubuhi mpimaji anasoma maji yaliyomo, anayamwaga, kisha anatuma namba kwa simu. Programu inazipokea namba, inazipanga kijiji kwa kijiji, na kutoa jedwali linalosomwa na wanafunzi, maofisa kilimo na watu wa maji. Mpimaji akinyamaza, labda simu imeisha chaji au amesafiri, programu inachukua wastani wa vijiji jirani na kuujaza mahali pake, ili jedwali lisiwe na mashimo. Njia hiyo Mwalimu aliibuni mwenyewe na alikuwa akijivunia.

Lugha aliyoiandikia ilikuwa ya zamani na ya upole kupita kiasi. Ukiita kitu kwa jina ambalo hujawahi kulitaja, haikwambii kwamba hailijui. Inalitengenezea nafasi papo hapo, tupu, na kuendelea na safari. Ukiipa neno mahali inapostahili namba, haikatai. Inakisia ulichotaka kusema. Mwanafunzi anaipenda lugha ya namna hiyo kwa sababu haimgombezi. Mimi siku nyingi nilikuwa siipendi.

Nimekulia Mwembesongo, kwenye nyumba ya kupanga yenye familia nyingi na bomba moja. Ndoo za wote zilikuwa zinafanana. Mama alituandikia jina letu ubavuni mwa kila ndoo kwa rangi ya mafuta, na alituchapa tukiliandika vinginevyo, kwa sababu ndoo yenye jina lisiloeleweka ni ya yeyote atakayewahi. Labda ndiko nilikotoa ukali wangu. Darasani nilikuwa namrudishia mwanafunzi kazi yake nzima kwa sababu kitu kilekile amekiita "kimo" juu na "urefu" chini. Wao walinifananisha na trafiki wa pale Mikese, anayesimamisha hata gari lisilo na kosa. Nilizisikia habari hizo na sikuchukia. Nilizichukulia kama sifa.

Basi likizo moja, chuo kikiwa kimya, niliihamishia programu ya Mwalimu kwenye lugha mpya, ile yenye ukaguzi. Kabla haijakubali kufanya kazi inasoma kila mstari na kuuliza: hiki ni namba au ni maneno? Jina hili limetajwa wapi? Kitu hiki kimewekwa na nani, na nani atakichukua? Nikabonyeza, skrini ikajaa mistari myekundu. Mingi ilikuwa makosa madogo ya mtu mzima mwenye haraka. Nilikunywa chai, nikaanza kuyarekebisha moja baada ya jingine, nikiona raha kama mtu anayechambua mchele.

Kisha nikafika kwenye mstari mmoja ambao mkaguzi alisema jina lake halijawahi kupewa kitu. Jina lilikuwa mvua_tchenzema. Tchenzema ni kituo chetu cha juu kabisa upande wa Mgeta, na kila mwezi kilikuwa na namba kamili kwenye jedwali. Iweje hakijawahi kupewa kitu? Nikashuka mistari kadhaa nikaona onyo jingine: jina linapewa kitu kila siku, lakini hakuna anayelisoma. Hilo lilikuwa mvua_chenzema.

Watu wa huko wenyewe huandika vyote viwili. Kibao cha barabarani kinaweza kuwa na T, gunia la kabichi likawa halina. Mwalimu alipoandika sehemu ya kupokea meseji aliliandika bila T. Alipoandika sehemu ya kutengeneza jedwali, pengine siku nyingine, aliliweka na T. Lugha yake ya upole haikumuuliza. Kila asubuhi namba kutoka Tchenzema iliingia, ikawekwa kwenye kisanduku kisichofunguliwa na mtu, na upande wa pili jedwali lilipokuta kisanduku tupu liliamini kwamba mpimaji amenyamaza. Likajaza wastani wa majirani.

Sitadanganya, kwanza nilifurahi. Nilisimama nikazunguka meza. Hicho ndicho nilichokuwa nawaambia wanafunzi miaka yote, na sasa nilikuwa na mfano usiobishika. Furaha ilikwisha nilipokumbuka tasnifu yangu.

Katika tasnifu ile nilikuwa na ukurasa mzima kuhusu Tchenzema. Niliandika kwamba mvua yake inafuatana na ya vijiji jirani kwa ukaribu wa kushangaza, nikaeleza kwa nini: upepo, mgongo wa mlima, ukungu. Mtahini aliusifu ukurasa huo mbele ya watu. Kumbe nilikuwa nimepima wastani wa majirani dhidi ya majirani wenyewe, nikashangaa unavyofanana nao. Hakuna aliyekuwa amenituma kudanganya, na sikujua. Lakini nilipokumbuka nilivyotabasamu siku ile, uso uliniwaka nikiwa peke yangu ofisini.

Ningeweza kurekebisha herufi ile na kunyamaza. Ilikuwa kazi ya sekunde. Nilijiambia kwamba heshima inadai nimwambie Mwalimu kwanza, na kweli heshima ilikuwepo. Lakini haikuwa peke yake. Nilitaka pia ajue kwamba mimi ndiye niliyeona, kwamba ukaguzi aliokuwa akiuita mbwembwe za vijana ulikuwa na maana. Mambo hayo mawili yalikwenda nami pamoja hadi Kilakala, na hadi leo siwezi kusema lipi lilikuwa mbele.

Mke wake alinipokea mlangoni. Aliniambia kwa sauti ya chini kwamba presha ilikuwa imempanda tena na daktari amemkataza mawazo, kwa hiyo nisimchoshe. Nikaitikia. Mwalimu alikuwa barazani, shuka magotini, redio imezimwa. Alifurahi kuniona. Tuliongea habari za chuo, nani amehamishwa, nani amepewa cheo. Kulikuwa na nafasi nzuri ya kuaga, nami sikuitumia. Nilifungua kompyuta nikamwekea mapajani.

Alivaa miwani akasoma ile mistari miwili. Alipanda juu akashuka, akapanda tena. Kisha akauliza ni tangu lini. Nikasema tangu kituo kilipofunguliwa.

"Hii nimeandika mimi," alisema.

Nilianza kumwambia kwamba yeyote angeweza kukosea, kwamba kosa ni la lugha kutouliza, na maneno mengine ambayo mtu husema akishamaliza kupiga. Hakuwa akinisikiliza. Aliniuliza kama namfahamu mpimaji wa Tchenzema. Nilimfahamu kwa namba yake ya simu tu. Akanieleza kwamba ni mama mmoja mkulima wa njegere na viazi, mjane, na kwamba yeye Mwalimu ndiye aliyepanda huko na kopo mkononi kumbembeleza. Mama yule alikataa mwanzoni, akasema hajui mambo ya kitaalamu. Mwalimu alimwambia kwamba bila yeye wote wa huku chini watakuwa vipofu. Ndipo akakubali.

"Nilimwambia vipofu," alirudia. "Kwa mdomo huu."

Akasema lazima aende kumwomba radhi. Mke wake alikuwa amesimama mlangoni, ameyasikia yote, na akasema haendi popote. Walibishana kwa adabu mbele yangu, jambo ambalo lilinitia aibu kuliko kama wangefokeana. Mwishowe mke wake akanigeukia mimi, akanitazama, akaingia ndani. Nilielewa: likitokea lolote, ni juu yangu.

Wiki iliyofuata nilimchukua Mwalimu kwa pikapu ya mume wangu. Tulitoka mjini kwa barabara ya Iringa, tukaiacha pale Sangasanga, tukapita Mlali na kuanza kupanda. Nilikuwa nimezoea kumsikia akisimulia njiani. Alikuwa mtu wa kueleza kila mto na kila jiwe. Safari hiyo alikaa kimya, mkono umeshika kishikio cha juu ya dirisha. Kadiri tulivyopanda, kabichi zilianza kuonekana zimepandwa kwenye matuta yanayoning'inia ubavuni mwa mlima, kisha ukungu ukazifunika. Baridi ikaingia. Alifunga vifungo vya koti vyote, na nilisikia anavyopumua. Nilimuuliza kama turudi. Akasema endesha.

Nyumba ya mama yule iko chini kidogo ya barabara, unashuka kwa njia ya udongo iliyochongwa ngazi. Nilimshika Mwalimu mkono, naye alikubali kushikwa, jambo ambalo hakuwa amewahi kulikubali. Uani kulikuwa na mbuzi wa maziwa kwenye banda lililoinuliwa, na kando yake kipimamvua ndani ya uzio wa mianzi, pamefyekwa vizuri kukizunguka. Mama alitoka amevaa sweta zito juu ya kitenge. Alimwamkia Mwalimu kwa kupiga goti kidogo, nami nikamwamkia yeye. Kiswahili chake kilikuwa na ile lafudhi ya Kiluguru, mwisho wa kila neno unapandishwa kidogo kama swali.

Alikuwa amepika. Tulikula njegere kwa wali, tukanywa chai ya maziwa ya mbuzi, na muda wote Mwalimu hakuweza kuanza. Aliuliza habari za mazao, za barabara, za parokia. Mama alijibu, lakini niliona macho yake hayatulii. Alikuwa akitutazama mmoja baada ya mwingine kama mtu aliyeitwa ofisini bila kuambiwa sababu. Nilidhani anaona haya kwa ajili ya wageni.

Mwalimu alipoanza, alianza vibaya. Alisema kuna tatizo la kimfumo limegundulika. Mama akauliza kama ni mtandao, maana wakati mwingine hupanda hadi shuleni kuupata. Mwalimu akasema siyo mtandao, ni majina. Akakwama. Ikabidi nieleze mimi. Nilimwambia kwamba ndani ya kompyuta kulikuwa na visanduku viwili, kimoja kimeandikwa jina la kijiji kwa T na kingine bila T, na kwamba namba zake ziliwekwa kwenye kimoja, sisi tukawa tunafungua kingine.

Alifikiri. "Kwa hiyo nilizotuma hazikutumika?"

"Hazikutumika, mama."

"Hata moja?"

Mwalimu aliinamisha kichwa. Nikasema hata moja.

Mama akaweka kikombe chini, akainuka, akatoka nje. Tulimsikia akienda hadi kwenye banda. Mwalimu alisema taratibu, bila kunitazama, kwamba ingekuwa heri angekufa na heshima yake. Nilikuwa nikifikiria asubuhi za mwanamke yule, ukungu na matope, na namba iliyobebwa hadi shuleni kutafuta mtandao ili iangukie pasipo na mtu. Na nilifikiria pia kwamba kama ningenyamaza, hakuna hata mmoja wetu watatu ambaye angekuwa anaumia muda ule.

Aliporudi alikuwa amelia na amenawa uso. Hakuketi kwenye kiti chake. Aliketi kwenye kigoda, karibu na miguu ya Mwalimu, akasema kwamba na yeye ana la kusema, na alidhani ndilo lililotuleta.

Alikuwa na binti mwenye selimundu. Nilikuwa sijui, na nikaona usoni kwa Mwalimu kwamba naye hakujua. Ugonjwa ulikuja na kuondoka tangu utotoni, na kila ulipokuja mama alishuka naye hospitali mjini, akakaa naye siku na wiki. Akiwa huko hakutaka Mwalimu awe kipofu. Basi kila asubuhi, akiwa ameketi kando ya kitanda, alitazama mlima kupitia dirishani, akakisia mvua imenyesha kiasi gani nyumbani, akatuma namba. Akiwa nyumbani na binti anaumwa, hakutoka kwenda kwenye kopo. Alisikiliza bati. Mvua ikipiga kwa namna fulani alituma kumi, ikipiga zaidi akatuma ishirini. Binti alipofariki, kwa muda mrefu hakuweza kabisa kwenda uani asubuhi, kwa sababu binti ndiye alikuwa akimshikia daftari na mwavuli. Namba hakuacha kutuma.

"Kila nikisikia mto umeleta maji huko chini, au barabara imekatika, najiuliza kama ni namba zangu," alisema. "Hata kuungama niliogopa. Ningeungama nini, kwamba nimemdanganya Mungu mvua yake?"

Kisha, kama mtu anayeongea peke yake, akasema, "Basi sikumdhuru mtu."

Mwalimu alimuuliza ni hospitali ipi, na alipotajiwa alifumba macho, kwa sababu kutoka barazani kwake hadi pale ni mwendo mfupi wa miguu.

"Dada yangu, mimi nipo Kilakala. Ulikaa pale na mtoto mgonjwa, ukanitumia mvua, hukuniambia?"

"Ungeniambia nipumzike," alijibu. "Ningepumzika ungetafuta mwingine. Sikutaka."

Walikaa hivyo, wazee wawili, kila mmoja akiwa amejiandaa kuomba radhi kwa mwenzake na kukuta mwenzake ametangulia. Ningepaswa kutoka nje. Ningepaswa kwenda kumtazama mbuzi. Badala yake nilisikia sauti yangu ikimuuliza mama kama anakumbuka ni lini alianza kukisia na ni lini aliacha, yaani tarehe, ili tuweze kutenganisha namba za kweli na za kubuni.

Nilikuwa nawaza meseji zake zote, ambazo bado zilikuwa zimehifadhiwa ofisini jinsi zilivyofika. Nilikuwa nimepanga kuzirudisha mahali pake, kila moja chini ya jina sahihi, ili kazi yake ionekane. Sasa nilijua zimechanganyika. Swali langu lilikuwa la haki kabisa kwa mtu wa kazi yangu, na nililiuliza muda ambao halikupaswa kuulizwa na mtu yeyote.

Mama alijaribu kunijibu. Hilo ndilo linaloniuma. Alikunja uso, akaanza kuhesabu kwa vidole, mwaka ule binti alipomaliza darasa la saba, masika yale. Kisha akaacha. "Siku nyingine nilipima, siku nyingine sikupima, mwanangu. Sijui."

"Acha," Mwalimu aliniambia.

Niliacha. Tulipoaga, nilimuuliza mama jambo dogo ili nisiondoke na swali lile tu, kama jina la kijiji linaandikwa kwa T au bila T. Akasema shuleni wanaweka T, yeye kwenye magunia haweki, na tuandike tunavyotaka mradi tusiwe na vijiji viwili. Alimpa Mwalimu viazi na njegere kwenye kikapu. Waliagana kwa kushikana mikono yote miwili, na Mwalimu alikuwa mwepesi kuliko tulipokuja. Kushuka alisimulia njia nzima, mpaka Mlali, ndipo akasinzia.

Siku mbili baadaye alilazwa. Mke wake hakunipigia. Nilisikia kwa mtu mwingine. Nilipokwenda wodini aliniruhusu kumsalimia mgonjwa, akanishukuru kwa machungwa, na hakuniangalia machoni. Mwalimu alipata nafuu na kurudi nyumbani, ila mkono wa kushoto umebaki mzito. Yeye mwenyewe anasema ni presha tu, haina uhusiano na mlima. Mke wake hajawahi kusema hivyo.

Herufi niliirekebisha. Majina yote ya vituo niliyaweka mahali pamoja, kila moja mara moja tu, na sasa ukikosea hata herufi programu inakataa kuanza. Namba za Tchenzema zinaingia mahali pake. Mwezi wa kwanza tu ilionekana kwamba mvua ya huko haifuatani na ya majirani kama nilivyoandika, na nilipeleka taarifa chuoni kwamba ukurasa ule wa tasnifu yangu usitegemewe tena. Walipokea, wakanishukuru kwa uaminifu. Nilitamani wangenikemea.

Kazi ngumu ilikuwa miaka ya nyuma. Mwalimu alinitumia ujumbe kwamba nizirudishe namba zote za mama, za kweli na za kukisia, mwenye bati lake anajua mvua yake. Nilikaa nazo muda mrefu. Namba iliyopimwa na namba iliyokisiwa zinafanana kabisa. Zote ni namba, na mkaguzi wangu anazipitisha zote bila kuuliza. Hakuna alama inayosema hii mama alikuwa uani na hii alikuwa wodini. Nikiziweka, mtu wa maji atazitegemea. Nikiendelea kujaza wastani wa majirani, naendeleza uongo uleule. Lugha mpya ina namna ya kusema kwamba hapa hapana kitu, siyo sifuri, hapana kitu tu. Nikaitumia hiyo. Miaka yote ya mama yule kwenye jedwali sasa imeandikwa "hakuna".

Nadhani nilifanya sawa. Nimewauliza wenzangu wa kazi na wote wanasema hivyo. Lakini ndani ya ile "hakuna" kuna asubuhi ambazo alishuka uani kweli, akainama, akasoma kwa uangalifu, na nimezifuta pamoja na zile nyingine kwa sababu sikuweza kuzitofautisha.

Baada ya miezi michache mama alinipigia simu kuuliza kama zile za nyuma tumeshaziweka. Nilisema tunazishughulikia. Nilikata simu nikakaa na aibu hadi jioni, na kesho yake nikampigia nikamweleza ukweli. Alisikiliza mpaka mwisho. Alisema "haya", akaniuliza watoto hawajambo, nikasema hawajambo. Tangu siku hiyo meseji zake zinakuja na namba peke yake. Zamani alikuwa akiongeza salamu, au kwamba leo kuna ukungu, na programu ya Mwalimu ilikuwa ikiyaruka maneno na kuchukua namba. Sasa hakuna cha kuruka.

Nilipanda tena peke yangu baada ya masika, kumpelekea kopo jipya kwa kuwa la zamani lilikuwa limepata ufa. Alinipokea vizuri, alinipikia. Tulifunga uzio pamoja, yeye akikata mianzi, mimi nikishika kamba, na hakutaja lolote la namba wala mimi sikutaja. Mwalimu alitupigia simu kutusalimia, akacheka na mama kwa muda. Nilipoaga mama alinisindikiza hadi barabarani, akanibebea mfuko wa viazi mwenyewe ingawa nilimkatalia. Akaniambia, "Safari njema, madamu," siyo mwanangu, na akasubiri pale hadi nilipowasha gari.